Shinikizo, Daraja na Wekundu: Uhakiki wa Tafsiri ya Kipeperushi cha Kuzuia Majeraha ya Uso kwa Wahudumu wa Afya

Mwezi wa Aprili mwaka 2022, mvua za Rungwe zikiwa zimeshika kama ilivyo ada yake, nilikuwa nikizunguka vijiji vya wilaya hiyo kukusanya maneno ya kilimo cha chai, migomba na parachichi. Siku moja mwenzangu wa safari alipatwa na homa, nami nikamsindikiza hadi kituo kimoja cha afya kisicho mbali na mji wa Tukuyu. Wakati nikimsubiri niliona ukutani kipeperushi cha kurasa mbili, kilichopigwa chapa vizuri, kikiwafundisha wahudumu wa afya namna ya kuzuia majeraha ya uso yatokanayo na barakoa, miwani ya kinga na ngao za uso.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo. Juu ya pua yake palikuwa na alama nyeusi, mithili ya mtu aliyevaa miwani mizito kwa miaka mingi, ingawa hakuwa na miwani. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha nikamwuliza kama amekisoma kipeperushi kile. "Nimekisoma, mwanangu," akajibu. "Kinasema tupunguze shinikizo. Langu nilipima juzi, halina neno."

Ndugu msomaji, mama yule hakuwa mtu wa kuchekwa. Amesomea kazi yake, anaifanya kwa Kiswahili kila siku, na jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa swali aliloulizwa na kipeperushi. Katika zahanati zetu shinikizo ni shinikizo la damu. Ndilo linalopimwa kwa mkanda wa mkononi na kuandikwa katika kadi. Aliyekosa ni yule aliyeandika, na nyuma yake sisi tunaoshughulika na istilahi. Makala haya yanakusudia kukihakiki kipeperushi hicho bila kukitaja jina wala kumtaja aliyekitoa, kwa sababu makosa yake si yake peke yake. Aghalabu ndiyo makosa ya tafsiri zetu za afya kwa jumla.

JAMBO LENYEWE

Kabla ya kuhakiki maneno, yafaa kulifahamu jambo linalosemwa. Uso wa mhudumu anayevaa barakoa ya kuchuja hewa, kama ile ya N95, hupatwa na mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, kingo za barakoa huigandamiza ngozi, hasa juu ya pua na mashavuni, mahali ambapo nyama kati ya ngozi na mfupa ni chache. Pili, mtu anaposema na kugeuka, barakoa husugua na kuvuta ngozi. Tatu, jasho na mvuke wa pumzi huilowesha ngozi, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Mambo hayo yakidumu kwa saa nyingi, ngozi hubadilika rangi, huuma, hutoa malengelenge, na mwishowe hupasuka.

Hili si jambo dogo. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoanza kuenea, uchunguzi mmoja uliofanywa huko Hubei, China, uliwahoji wahudumu 542. Kati yao 526 walikuwa na madhara ya ngozi, na mahali palipoumia zaidi ni juu ya pua. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo, uliowahusisha wahudumu 4,308 wa hospitali 161 za nchi hiyo, ulionyesha kwamba asilimia 42.8 walikuwa na majeraha ya ngozi, na kwamba kutoka jasho na kuvaa vifaa kwa muda mrefu ni miongoni mwa mambo yaliyozidisha hatari.

Wala jambo hili halikupita pamoja na mwaka 2020. Wauguzi wa wodi za kifua kikuu walivaa barakoa za kuchuja hewa kabla ya korona na wangali wanazivaa. Mkoani Kagera, mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wa mwaka 2023, na ule wa Biharamulo wa mwaka 2025, uliwataka wahudumu kuvaa vifaa kamili tangu utosini hadi miguuni. Mtu ambaye pua inamwuma hujaribiwa kuilegeza barakoa au kuishika mara kwa mara kwa mkono, na hapo kinga yote huharibika. Kwa hiyo neno baya katika kipeperushi cha namna hii huweza kupeleka ugonjwa nyumbani kwa muuguzi.

SHINIKIZO NA MGANDAMIZO

Kipeperushi kinasema: "Majeraha ya shinikizo yanayohusiana na kifaa yanaweza kuepukwa kwa kupunguza shinikizo katika daraja la pua." Mfasiri alikutana na neno moja la Kiingereza ambalo hutumika kwa damu, kwa hewa, kwa maji na kwa siasa, akachukua lile la kwanza alilolikuta katika kamusi. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyagawa hayo. Damu ina shinikizo, au presha kama wasemavyo wengi. Hali ya hewa ina mgandamizo, na wasikilizaji wa redio wamezoea kusikia habari za mgandamizo mdogo wa hewa. Fizikia yetu ilipewa neno kanieneo, yaani kani kwa kadiri ya eneo inaloliangukia.

Neno hilo la mwisho ni geni masikioni mwa wengi, wala sipendekezi liandikwe ukutani mwa zahanati. Lakini walioliunda walitufanyia jambo jema, kwani limebeba maelezo ndani yake: kani ile ile ikiangukia eneo dogo huumiza zaidi. Hiyo ndiyo sababu ukingo mwembamba wa barakoa hukata pua ilhali kitambaa kipana hakifanyi hivyo. Mwalimu wa chuo cha uuguzi ataona faida ya neno hilo darasani. Kwa kipeperushi, mgandamizo latosha, nalo haliwezi kumpeleka msomaji kwenye mkanda wa kupimia damu.

KIDONDA AU JERAHA?

Hapa yafaa tumsifu mfasiri. Angeweza kuandika "vidonda", kwa kuwa wauguzi wetu wote wanavijua vidonda vya kulalia vya wagonjwa wasiojigeuza kitandani, na haya ya usoni ni ndugu zao. Yeye aliandika "majeraha", naye alipatia. Mwaka 2016 jopo la wataalamu wa Marekani wanaoshughulikia madhara ya namna hii liliamua kuacha jina lenye maana ya kidonda na kushika lenye maana ya jeraha, kwa sababu ngozi huweza kuwa imeumia ndani kabla haijapasuka. Mwaka 2019 jopo hilo likabadili hata jina lake lenyewe kufuatana na uamuzi huo.

Tofauti hiyo ni ya uhai katika Kiswahili. Mtu akiambiwa azuie kidonda, atangoja hadi aone kidonda. Akiambiwa kwamba maumivu na alama zisizoondoka ni jeraha tayari, atachukua hatua mapema. Kwa bahati mbaya mfasiri hakuwa imara katika uamuzi wake: ukurasa wa pili unarudia "vidonda" mara tatu, na msomaji hawezi kujua kama yanasemwa mambo mawili au moja. Kanuni ya kwanza ya istilahi ni dhana moja, jina moja. Katika insha tutamsifu mwandishi kwa kubadili maneno ili asichoshe. Katika mwongozo wa tiba tutamlaumu.

DARAJA MBILI KATIKA UKURASA MMOJA

Waingereza huifananisha sehemu ya juu ya pua na kivuko cha mto, basi mfasiri naye akaandika "daraja la pua". Kwa mkazi wa Rungwe daraja ni kile kivukio cha mwamba juu ya mto Kiwira kiitwacho Daraja la Mungu, au lile la zege barabarani. Kibaya zaidi ni kwamba mistari minne chini yake tunasoma "jeraha la daraja la kwanza" na "jeraha la daraja la pili", maana yake ngazi za ukali wa jeraha. Msomaji wa haraka, mwenye wagonjwa arobaini wakimsubiri nje, afanye nini na daraja la pua na daraja la kwanza?

Nilipowauliza watu mbalimbali jina la sehemu hiyo, baadhi walinipa "mwanzi wa pua". Lakini wengine waliponionyesha mwanzi huo kwa kidole walionyesha tundu. Neno lenye mashaka hayo halifai hapa, ingawa ni la Kiswahili cha asili. Napendekeza "mgongo wa pua", na pale linapotokea mara ya kwanza liongezewe maneno matatu: "pale miwani inapokaa". Hakuna atakayekosea. Kuhusu ukali wa jeraha, "ngazi" lafaa kuliko "daraja", na pia kuliko "hatua", kwa sababu katika kipeperushi hicho hicho wahudumu wanahimizwa "kuchukua hatua".

WEKUNDU WA NANI?

Sasa nafika kwenye kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ingawa kila neno lake ni Kiswahili safi. Kipeperushi kinasema kwamba dalili ya jeraha la ngazi ya kwanza ni "wekundu wa ngozi usiofifia ukibonyezwa". Sentensi ni nzuri, sarufi yake haina dosari, na mwalimu wa lugha angeipa alama zote. Lakini ni wekundu wa ngozi ya nani?

Mama yule wa Tukuyu ana ngozi nyeusi. Hata akibonyeza pua yake mara mia hatauona wekundu aliofundishwa kuutazamia, na kwa kuwa hauoni, atajihesabu kuwa mzima. Alama aliyokuwa nayo ilikuwa nyeusi kuliko uso wake wote, nayo ndiyo iliyokuwa ikisema. Wataalamu wenyewe, katika maelezo yao ya ngazi hiyo, huonya kwamba dalili huweza kuonekana kwa namna nyingine katika ngozi nyeusi. Onyo hilo liliachwa njiani. Huenda kwa kukosa nafasi katika karatasi, huenda kwa kuonekana si la lazima. Kwa wasomaji wa nchi hii ndilo lililokuwa la lazima kuliko yote.

Mfasiri wa mambo ya afya hana budi kujiuliza: maneno haya yatasomwa na mwili upi? Badala ya sentensi ile tungeandika hivi: "Jitazame kwenye kioo mchana, penye mwanga wa kutosha. Kama juu ya pua au mashavuni pamezidi weusi au wekundu kuliko ngozi ya jirani, au pana joto, pamekuwa pagumu, au panauma ukipagusa, na hali hiyo haiondoki baada ya kuvua barakoa, umekwisha kuumia." Ni ndefu zaidi. Lakini vidole vya muuguzi vinaweza kuisoma, hata pale macho yanaposhindwa.

BINAFSI, KUBANA, MAFUTA NA SAA

Yapo maneno manne zaidi ambayo yanahitaji kusemewa kwa ufupi.

La kwanza ni binafsi. Kipeperushi kinaviita vifaa hivi "vifaa vya kujikinga binafsi", na jina hilo limeenea katika maandishi mengi. Sisi tunajua shule binafsi, hospitali binafsi na mali binafsi. Basi mtumishi anaweza kufahamu kwamba vifaa hivi ni mali yake, avinunue kwa fedha zake. Tena neno hilo halina kazi. Kiambishi -ji- katika "kujikinga" kimekwisha kusema kwamba mtu anakinga nafsi yake mwenyewe. "Vifaa vya kujikinga" ni jina kamili.

La pili ni kubana. "Hakikisha barakoa imebana," kinaagiza kipeperushi, kisha katika aya inayofuata kinaeleza madhara ya kubanwa. Kilichotakiwa kusemwa ni kwamba barakoa ikae barabara usoni na kuziba, pumzi isipite pembeni. Kiswahili kina kitenzi chake kwa jambo hili: nguo hukukaa au haikukai. Barakoa yenye umbo na kipimo kinachoufaa uso wako itakukaa na kuziba bila kukuumiza. Isiyokufaa, hata ukiikaza kamba hadi machozi yakutoke, haitageuka kuwa yako. Kwa hiyo tuandike: "Chagua barakoa inayokukaa, izibe pande zote, wala usiikaze kupita kiasi."

La tatu ni mafuta. Kipeperushi kinamtaka mhudumu apake "mafuta ya kizuizi" walau nusu saa kabla ya kuvaa barakoa. Kizuizi kwa msomaji wetu ni pale magari yanaposimamishwa barabarani. Hilo laweza kusameheka. Lakini mafuta? Kwa baridi na mvua za Tukuyu, mafuta ni yale ya mgando ambayo kila mama humpaka mtoto kabla hajaenda shule. Mafuta hayo ndiyo yasiyotakiwa chini ya barakoa ya kuchuja hewa, kwa sababu huweza kuifanya iteleze na kuacha mwanya. Kinachotakiwa ni losheni nyepesi isiyo na mafuta ya mgando, inayokwisha kunywewa na ngozi kabla ya kazi. Baadhi yetu huona haya kutumia neno la kukopa pale penye neno la asili. Hapa neno la asili linabeba vitu vingi mno, na lile la kukopa linabagua. Tuandike "losheni" bila haya, na tuongeze: "usipake mafuta ya mgando".

La nne ni saa. Miongozo kadhaa ya mwaka 2020 ilishauri mhudumu aupumzishe uso kila baada ya muda wa saa 2 hivi, kazi inaporuhusu, akiwa amekwisha kutoka mahali penye maambukizi na kunawa mikono. Kipeperushi kimeandika: "Ondoa barakoa saa 2." Muuguzi wa zamu ya usiku ataingoja saa 2 ya asubuhi! Wasemaji wengi hukwepa utata huu kwa kusema "masaa mawili" wanapotaka muda, na "saa mbili" wanapotaka wakati. Nasi tumezoea kuwasahihisha. Sitaki kuufungua mjadala huo hapa, ila nasema kwamba wanachokitafuta ni tofauti ya kweli. Maadamu tunawakataza "masaa", tuwape kitu mahali pake. "Kila baada ya muda wa saa 2" hukidhi haja. Tena isisahauliwe kuandika mahali pa kuvulia, maana kuvua mbele ya mgonjwa ni hatari kubwa kuliko alama ya pua.

FUNZO LA BARAKOA

Asije mtu akadhani kwamba nalaumu tu. Neno barakoa lenyewe latufundisha jinsi istilahi njema izaliwavyo. Zamani, katika pwani yetu na Unguja, barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha wanawake, nalo neno limo katika kamusi za tangu wakati wa ukoloni. Kabla ya mwaka 2020 watu wengi wa bara hawakuwa wamelisikia. Ugonjwa ulipofika, kulikuwa na "maski" na kulikuwa na "kinyago". Lakini kinyago ni cha ngoma, na kilitia kicheko. Barakoa likatolewa sandukuni, likapanguswa vumbi, na katika muda wa miezi michache likafika hadi sokoni Tukuyu. Lilishinda kwa sababu lilikuwa la Kiswahili, lilikuwa na maana ya karibu, na halikugongana na neno jingine linalotumika kila siku.

Hizo ndizo sifa ambazo "shinikizo", "daraja" na "binafsi" hazina katika mahali palipotumiwa. Kila moja ni neno zuri lenye kazi yake kwingineko, na ndiyo maana linapotosha: msomaji haoni kwamba halielewi.

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofundisha habari za malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu kwa redio na kwa vitabu vidogo, katika vikundi vya watu ambao wengi wao walikuwa wamejifunza kusoma ukubwani. Fundisho lililosomwa na kujadiliwa hadharani hupata majaribio yake hapo hapo, kwani neno lisiloeleweka huulizwa. Kipeperushi cha ukutani hakiulizwi. Husomwa kimya, hueleweka vibaya kimya.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo napendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika:

1. "Majeraha ya mgandamizo" litumike kwa aina yote hii, na "majeraha ya mgandamizo wa vifaa" kwa yale yatokanayo na barakoa, miwani na ngao za uso. "Vidonda vya kulalia" libaki kwa wagonjwa walalao.

2. "Vifaa vya kujikinga", bila binafsi.

3. "Mgongo wa pua" kwa sehemu ya mwili, na "ngazi" kwa ukali wa jeraha.

4. "Barakoa inayokaa na kuziba", pasipo kubana.

5. "Losheni" itengwe na "mafuta ya mgando".

6. "Muda wa saa" pale inapokusudiwa kadiri ya muda.

7. Dalili zote za ngozi zielezwe kwanza kwa ngozi nyeusi, kisha kwa nyinginezo.

8. Kabla kipeperushi hakijapigwa chapa, wasomewe wahudumu wachache wa zahanati ya shambani, nao waeleze kwa maneno yao watakachofanya. Tusiwaulize kama wameelewa, maana kwa adabu watasema ndiyo.

Pendekezo hilo la nane ni rahisi kuliko yote, tena ndilo linalosahauliwa zaidi. Siku ile ya Aprili jaribio lilichukua muda mfupi tu, na halikugharimu hata senti. Nilimwonyesha mama yule pale juu ya pua, nikamweleza kwamba shinikizo lililoandikwa ukutani lilikuwa pale. Alijigusa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba pamekuwa pakimwuma kwa muda wa mwezi mzima, na kwamba akiwa peke yake hulegeza kamba. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko hizi wasisite kuzileta, mradi wawe wamekwisha kuzisoma mbele ya mtu mwenye barakoa usoni.